Yeye Huwa Halalamiki

Ndugu makocha, wazazi, na nyinyi wenzangu wa fani ya afya, nawashukuru kwa kuja. Mimi ni daktari wa meno, kwa hiyo nitaanza na jino.

Siku ya kwanza niliyojitolea kupima afya za wanariadha wenye ulemavu wa akili, aliketi mbele yangu kijana wa miaka ishirini na kitu, mtupa tufe, mabega mapana. Shavu lake moja lilikuwa na sugu, ngozi imekakamaa na kuwa nyeusi kama ya goti. Nikamgeukia mlezi aliyefuatana naye: "Ana maumivu yoyote?" Mlezi akanijibu kwa upole kabisa, "Hana, daktari. Huyu huwa halalamiki. Ana tabia ya kujipiga ngumi shavuni tu, ndivyo alivyo." Nikaandika kwenye fomu: hana maumivu. Niliandika kwa mkono wangu, kabla hata sijamwomba yule kijana afungue kinywa.

Alipofungua, nilikuta gego la chini limeoza hadi mzizini na ufizi umetunga usaha. Ndipo nikachukua kadi yenye picha za nyuso, kuanzia unaotabasamu hadi unaolia, nikamwuliza mwenyewe. Hakusita. Aliweka kidole kwenye uso wa mwisho, akakiacha hapo hapo, akaniangalia. Kumbe alikuwa akilalamika kila siku, kwa ngumi, na sote tuliomzunguka tulikuwa tumeyapa malalamiko yake jina la tabia.

Kosa hilo si langu peke yangu. Mtu akishaandikiwa kwamba ana ulemavu wa akili, kila kitu kinachomtokea hutupiwa ulemavu huo. Amekataa kula? Ni ulemavu. Amekuwa mzito, analala mno, amenenepa ghafla? Ni ulemavu, wakati kwa mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoandamana na ulemavu wa akili, inawezekana kabisa tezi ya shingoni imepunguza kazi, na kipimo cha damu kingeonyesha, na vidonge vingemrudishia nguvu zake. Mimi naliona jambo hili kuwa hatari kuliko upungufu wa vifaa. Darubini ya sikio inanunulika, lakini daktari aliyeacha kutafuta haoni hata akipewa darubini kumi.

Michezo ya kwanza ya kimataifa ya Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ilifanyika Julai 1968 katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, kwa juhudi za mwanzilishi wake, Eunice Kennedy Shriver, na wenzake, ikakusanya wanariadha wapatao 1,000. Mpango wa shirika hilo wa kupima afya za wanariadha, Healthy Athletes, ulianza rasmi mwaka 1997. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka thelathini baadaye. Sidhani kwamba watu wale walikuwa wazembe. Nadhani walidanganywa na kile kinachotudanganya sisi hadi leo, kwamba anayekimbia na kushangilia lazima awe mzima. Walipoanza kuwatazama kinywani, machoni na masikioni, wakakuta watu waliokuja kushindana huku wakiwa na magonjwa ya kutibiwa siku ileile.

Sasa njooni kwenye meza ya macho, kwa maana pale ndipo mtaona jinsi kipimo kinavyoweza kumheshimu mtu. Ubao tuliouzoea una herufi, na asiyejua kusoma huambiwa hapimiki. Upo ubao mwingine, kazi ya daktari wa macho wa Finland, Lea Hyvärinen, wenye michoro minne tu: tufaha, nyumba, duara na mraba. Mwanariadha hupewa kadi yenye michoro hiyohiyo, akaiweka mapajani. Wewe unaonyesha ubaoni, yeye anagusa kadi. Haimlazimu kusema neno. Tena michoro hiyo imechorwa kwa namna kwamba jicho likishindwa, yote minne hufifia na kufanana na duara, kwa hiyo hakuna mmoja wa kukisia kwa urahisi kuliko mwingine. Nimemwona msichana aliyesemwa kwa miaka kwamba hashiki maelekezo, kwa kuwa kila mara alitoka kwenye mstari wake wa mbio. Aligusa tufaha, nyumba, tufaha, kisha akaanza kugusa duara, duara, duara. Mstari alikuwa hauoni.

Masikioni mara nyingi ni nta iliyoganda tu. Miguuni, mvueni viatu, mpime wayo, msimwulize saizi. Wengi huvaa walichopewa.

Kwa makocha nina neno moja zito zaidi, na ninaomba mliandike. Kwa baadhi ya watu wenye sindromu ya Down, kano zinazoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo zimelegea, na pingili zikiteleza zinaweza kubana ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu kupiga mbizi, sarakasi za jimnastiki na kuruka juu havianzwi bila daktari kumchunguza mwanariadha. Lakini uchunguzi wa mara moja hautoshi. Wewe uliye naye kila wiki ndiye utakayegundua kwamba mwendo wake umebadilika, kwamba mikono inaangusha vitu, kwamba ameanza kujikojolea wakati zamani hakuwa hivyo, au anashika shingo. Ukiona hayo, simamisha mazoezi siku hiyo hiyo, mfikishe kwa daktari haraka. Msije mkasema amekuwa mkaidi.

Mtaniuliza: haya yote yanahusiana vipi na ujumuishaji, yaani kuwapa watu hawa nafasi sawa na wengine? Yanahusiana sana. Mnakumbuka michezo ya Paralimpiki, ile ya wanariadha wenye ulemavu, ya Sydney mwaka 2000. Timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ilishinda dhahabu katika kundi la ulemavu wa akili, kisha ikagundulika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Waliodanganya walikuwa watu wasio na ulemavu huo. Waliofungiwa mlango walikuwa wanariadha wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima, hadi London mwaka 2012, waliporudishwa katika riadha, kuogelea na tenisi ya meza. Miaka kumi na miwili ni umri wote wa kushindana kwa mwanariadha. Hadi leo jambo hili linaniuma, maana ni lile lile la fomu yangu: watu waliamuliwa mambo yao kwa sababu ya maneno ya wengine.

Tukimaliza kupima, kazi haijaisha. Kumwambia mtu kwamba jino lake limeoza halafu kumrudisha nyumbani na karatasi ni kumwongezea hofu. Karatasi hiyo iwe na picha, iwe na jina la kliniki inayomsubiri na siku yake, na awepo mtu wa kumpeleka. Kliniki nazo zijiandae: miadi ndefu zaidi, chumba kisicho na kelele, ruhusa ya kuja siku moja kabla kukigusa kiti na kusikia mashine ikilia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 25, unataka wapate huduma za afya za kiwango kilekile cha wengine, kwa ridhaa yao wenyewe. Ridhaa yao, si ya aliyewasindikiza.

Yule mtupa tufe alitibiwa wiki ileile. Nilipokutana naye tena, sugu ya shavuni ilikuwa imeanza kulainika. Ngumi zilikuwa zimekoma, na hakuna aliyemfundisha kuziacha.

Huyu dada aliyeketi hapa mbele ni mwogeleaji, na amefunzwa kuwa mjumbe wa afya kwa wanariadha wenzake. Kadi za picha ziko mikononi mwake. Yeye ndiye atakayewaonyesha namna anavyopenda kuulizwa, kisha atawasahihisha mmoja mmoja mkijaribu. Karibu, dada, jukwaa ni lako.