Hippolyte Bayard, Maiti Aliyejipiga Picha

Ndugu zangu, Louis Daguerre, Mfaransa anayesifiwa kwa kuvumbua upigaji picha, mnamjua, sina haja ya kumrudia. Mimi kila nikipewa kipaza sauti humtaja yule aliyefunikwa na jina lake, na leo sibadiliki: Hippolyte Bayard.

Alikuwa karani wa wizara ya fedha, Paris. Alichukua karatasi yenye kloridi ya fedha, kemikali ya madini ya fedha inayogeuka nyeusi kwenye mwanga, akaiacha kwenye mwanga mpaka ikawa nyeusi, akailoweka katika kemikali nyingine, iodidi ya potasiamu, kisha akaitia ndani ya kamera. Palipopigwa na mwanga pakapauka. Picha ikatoka kamili palepale, bila negativu, yaani bila ile nakala ya kwanza yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa. Tarehe 24 Juni 1839 akatundika picha 30 hadharani, kwenye maonyesho ya kuwachangia waathirika wa tetemeko la ardhi la kisiwa cha Martinique, Karibi. Siri ya njia ya Daguerre ya kupiga picha ilikuja kufichuliwa tarehe 19 Agosti. Hesabuni wenyewe: wiki nane!

Sasa mbona hatumjui? François Arago, mwanasayansi mkubwa na mbunge, alikuwa upande wa Daguerre. Akamwambia Bayard asubiri kutangaza uvumbuzi wake, akapatiwa faranga 600 za vifaa. Daguerre akapangiwa faranga 6,000 kila mwaka mpaka kufa kwake.

Oktoba 1840 Bayard akajipiga picha. Itazameni vizuri, msiipite haraka. Kifua wazi, shuka kiunoni, macho yamefumba, kichwa kimelala upande. Kofia pana ya ukindu imetundikwa kando. Nyuma ya picha kaandika kwamba hii ni maiti ya Bayard. Kwamba serikali iliyomkirimu Daguerre imesema haina la kumfanyia, na maskini huyu amejitosa majini. Akawatahadharisha watazamaji kuwa uso na mikono vimeanza kuoza. Vinaonekana vyeusi kweli, lakini ni ngozi ya mtu hai iliyobabuliwa na jua.

Najua kuna atakayesema, "Basi huyo ni mwongo." Mwongo gani anayetia sahihi yake nyuma ya kifo chake? Huyu alikuwa anadai haki! Upigaji picha haujatimiza hata miaka miwili tangu utangazwe duniani, na tayari karani mmoja ameugeuza kuwa barua ya malalamiko. Hilo peke yake lingetosha kumpa sura nzima kwenye vitabu vyetu.

Muda umenitupa mkono. Mwaka 1851 alitumwa na serikali ya Ufaransa kupiga picha majengo ya kale. 1854 akawa mmoja wa waasisi wa chama cha wapiga picha cha Ufaransa. Alifariki katika mji wa Nemours, Ufaransa, mwaka 1887, ana miaka 86. Walimu mlioko hapa, Jumatatu mkiandika jina la Daguerre ubaoni, mwandikeni na Bayard.