Kikaragosi Kimoja, Watu Watatu: Jaribu Bunraku Nyumbani

Karibuni tena, watazamaji. Leo ita wenzako watatu, maana peke yako huwezi. Tunajaribu Bunraku, maigizo ya vikaragosi ya Osaka, Japani. Kwetu ukimwita mtu kikaragosi umemtukana. Kule kuna watu wanaozeeka wakijifunza kukitembeza kimoja.

Anza na kichwa. Finyanga gazeti liwe duara, lizungushie gundi ya karatasi, ulichomeke kwenye kijiti. Usichore tabasamu. Uso uwe mtulivu tu, furaha na huzuni zitatokana na jinsi unavyouinamisha. Kijiti kifunge kwenye henga ya nguo, hapo umepata mabega. Valisha gauni refu kuukuu, na kwenye mikono shonea glovu zilizojazwa pamba. Tumbo liache tupu. Hata vya Osaka, chini ya kimono zile za fahari, hakuna mwili wa kueleweka.

Sasa gawaneni kazi. Mkuu anaingiza mkono wa kushoto mgongoni ashike kichwa, na kwa mkono wake wa kulia anaendesha mkono wa kulia wa kikaragosi. Wa pili anachukua mkono wa kushoto tu. Wa tatu anachuchumaa: yeye ni miguu. Lakini wetu ni mwanamke, na vikaragosi vya kike kwa kawaida havina miguu! Basi shika pindo la gauni kwa ndani, sukuma ngumi moja mbele, kisha nyingine. Ona, anatembea.

Msihesabu "moja, mbili, tatu". Mkuu anatoa ishara kwa mwili, kwa bega na kichwa cha kikaragosi, na wa miguuni anaegemeza mkono wake kwenye nyonga ya mkuu ili auhisi mwendo kabla haujaanza. Sisi tuligongana vichwa mara nne kabla ya kuwasha kamera. Msikate tamaa: kwa desturi yao, miguu peke yake ni miaka 10, na mkono wa kushoto miaka 10 mingine.

Mmeshazoea? Tuingie kwenye tamthilia. Mwaka 1703, mfanyakazi wa duka la mchuzi wa soya na kahaba mmoja walijiua pamoja huko Osaka. Haikupita hata miezi miwili, Chikamatsu Monzaemon akawa ameshawaandikia mchezo, Sonezaki Shinjū, yaani "Wapenzi Wanaojiua Pamoja huko Sonezaki". Wakati ule kila kikaragosi kiliendeshwa na mtu mmoja. Huu mtindo wa watatu ulikuja mwaka 1734, mwandishi akiwa ameshafariki. Michezo ya wapenzi kujiua pamoja ilipendwa mno hadi serikali ikaipiga marufuku mwaka 1723.

Tunachukua kipande kimoja tu. Tokubei, yule mfanyakazi wa duka, ametapeliwa na rafiki yake, kisha akasingiziwa kuwa yeye ndiye mwongo. Ohatsu, yule kahaba mpenzi wake, anamficha chini ya baraza. Yule tapeli anakuja, anakaa, anamtukana Tokubei bila kujua kwamba anasikia.

Meza ndiyo baraza yetu. Mwenzenu wa nne akae chini yake. Ohatsu mketisheni ukingoni. Jazeni soksi pamba muitokeze chini ya gauni, kwa sababu hapa, tofauti na kawaida, Ohatsu hupewa mguu.

Mkuu ndiye asome maneno leo. Jukwaani halisi waendeshaji hawasemi kitu; msimuliaji mmoja hubeba sauti zote, kando yake ikipigwa shamisen, ala ya nyuzi tatu.

Sasa polepole. Ohatsu anamjibu tapeli kana kwamba anajisemea, kumbe anamuuliza aliye chini: uko tayari kufa? Mkuu, geuza uso wake pembeni kidogo tu. Mkono wa kushoto utulie. Wa miguuni, teremsha soksi. Wewe uliye chini ya meza, usiseme kitu. Ushike huo mguu kwa mikono miwili, uupitishe kooni mwako.