Kuchagua plagi mpya za Prado ya zamani yenye injini ya 5VZ-FE

Ndugu watazamaji, karibuni. Tupo uani kwangu Nyakato, hapa Mwanza, na gari mnaloliona ni Toyota Land Cruiser Prado ya petroli ya mwaka 1998, ambayo mwenyewe ameileta kwa sababu inamisi kila asubuhi na inakosa nguvu anapopanda kuelekea Bugando. Mimi ni muuza spea, kwa hiyo niseme mapema kwamba nina maslahi katika jambo hili, ingawa maelezo nitakayoyatoa yatakufaa hata ukiamua kununua plagi zako kwa jirani yangu.

Tuanze na injini, kwa sababu wateja wengi huja dukani wakisema, "Naomba plagi za Prado," nami hulazimika kuuliza ni Prado ipi. Prado za umbo hili, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1996, zilitoka na injini za aina mbalimbali: ipo 3RZ-FE ya lita 2.7 yenye silinda nne, ipo 5VZ-FE ya lita 3.4 yenye silinda sita, na ipo 1KZ-TE ya dizeli, ambayo haina plagi ya cheche hata moja, bali ina zile za kupasha joto wakati wa kuwasha. Aliwahi kuja bwana mmoja mwenye dizeli akasisitiza nimuuzie plagi nne za iridiamu, na nilipomkatalia akaondoka akidhani ninazificha. Fungua boneti, futa vumbi kwenye kile kibati cha utambulisho, usome namba ya injini kwa macho yako mwenyewe. Yetu imeandikwa 5VZ-FE.

Kuzitoa za zamani sitakueleza kwa kirefu. Iache injini ipoe kabisa, puliza mchanga uliojaa kuzunguka mashimo ya plagi, kisha tumia soketi ya milimita 16 yenye mpira ndani. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake, usizichanganye.

Mpwa wangu, hebu sogeza kamera hapa, maana tumekuta jambo ambalo sikulitarajia. Watazamaji, mnaona plagi hii ya tatu ilivyolowa oili kwenye kauri yake, juu ya nyuzi za kukazia, wakati ncha yake ya chini ni kavu? Oili hiyo haikutoka ndani ya silinda, bali imevuja kutoka juu, kwenye mpira unaozuia oili kuingia katika shimo la plagi. Ukiweka plagi mpya bila kubadilisha mpira huo, oili itaendelea kuulainisha mpira wa koili, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, cheche itapotea pembeni, na utarudi kunilaumu mimi. Nitaukausha kwa leo, na mwenye gari nimempigia simu. Amekubali nikamtafutie mipira hiyo kesho.

Tuzisome basi hizi za zamani. Rangi ya kahawia isiyokolea, kama ya udongo mkavu, ni dalili njema. Masizi makavu meusi huonyesha kwamba petroli imezidi hewa, au kwamba gari linatumika kwa safari fupi fupi, kama vile Kirumba hadi mjini, na injini haipati nafasi ya kupata joto la kutosha. Kauri iliyopauka ikawa nyeupe kama chokaa huonyesha joto lililozidi. Sasa mtazame ncha zenyewe: ncha ya kati ilipaswa kuwa na kingo kali, lakini hii imekuwa duara kama kifutio cha penseli cha mtoto wa shule, na pengo kati yake na ncha ya pembeni limepanuka hata kipimo cha milimita 1.4 kinapita bila kugusa popote.

Kwenye injini hii plagi hulika kwa namna ya pekee. Koili ni tatu tu kwa silinda sita, na kila koili huzihudumia silinda mbili kwa wakati mmoja: moja imekaliwa na koili yenyewe, nyingine hupelekewa umeme kwa waya. Kwa kuwa umeme unazunguka katika plagi zote mbili, upande mmoja cheche huruka kutoka ncha ya kati kwenda ya pembeni, na upande wa pili huruka kinyume chake. Ndiyo maana plagi zinazopendekezwa zina ncha mbili za pembeni, na ndiyo maana mimi binafsi sishabikii iridiamu ya bei rahisi kwenye injini hii: madini hayo magumu huwekwa kwenye ncha ya kati peke yake, ilhali nusu ya plagi zako zitalika kwa pembeni. Ukiipenda iridiamu, nunua ile ambayo na ncha ya pembeni imewekewa platinamu.

Sasa tusome namba. Kwa NGK plagi yetu ni BKR5EKB-11, na kwa Denso ni K16TR11. Herufi R katika zote mbili inamaanisha kuna kizuizi cha umeme ndani, ambacho huzuia redio isikorome na kompyuta ya gari isichanganyikiwe. Namba 11 ni pengo la milimita 1.1. Namba 5 ya NGK na 16 ya Denso ni kiwango kilekile cha joto, na kwa kampuni hizi mbili namba ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi, yaani hupoteza joto haraka, wakati kwa Bosch mambo ni kinyume. Usibadilishe kiwango hicho kwa sababu rafiki yako amekushauri.

Nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kuharibu. Herufi E katika BKR5EKB inaeleza urefu wa nyuzi, nao ni milimita 19. Miaka ya nyuma, nikiwa na haraka, niliagiza kwa simu "namba tano, pengo kumi na moja", nikaletewa LFR5A-11. Kichwa chake ni kilekile cha milimita 16, unene wa nyuzi ni uleule wa milimita 14, na kiwango cha joto ni kilekile. Ila nyuzi zake zina urefu wa milimita 26.5. Ziliingia vizuri kabisa, tena kwa mkono. Nilipowasha nikasikia tak, tak, tak, nikazima mara moja, na nilipoichomoa ya kwanza ncha ya pembeni ilikuwa imelazwa juu ya ya kati, kwa sababu pistoni ilikuwa imeigonga. Nilinusurika kupasua pistoni ya mtu.

Kwa hiyo simamisha mpya kando ya ya zamani, hivi, juu ya meza iliyo sawa, ulinganishe nyuzi zinapoanzia na zinapoishia. Pima kwa kalipa, na kama huna, rula ya shule inatosha. Fanya hivyo kwa zote sita, hata kama zimetoka katika paketi moja. Narudia: kuingia kwa urahisi si ushahidi kwamba plagi ni yenyewe.

Kuhusu feki, chukua mita ya umeme uiguse plagi juu na kwenye ncha ya kati. Yenye kizuizi husoma takriban kiloomu 5, na tofauti ndogo si tatizo. Ikisoma sifuri, herufi R waliyoichapa ni pambo. Tazama pia washa yake, yaani kile kipete cha chuma chini ya kichwa: kwenye plagi halisi haichomoki kwa kuvutwa na vidole.

Pengo la hizi limeshapangwa kiwandani. Lihakikishe tu kwa kipimo cha waya, polepole, bila kuikwaruza ncha ya kati, na plagi iliyoanguka sakafuni uiweke kando mpaka uipime upya. Mpwa wangu, hiyo uliyoidondosha nimeiona. Ilete hapa. Kama nilivyodhani, upande mmoja umebaki milimita 0.8. Tutafungua nyingine.

Kuzirudisha, ingiza kila moja kwa kipande cha mpira wa petroli ulichokichomeka juu yake, uuzungushe kwa vidole. Nyuzi zikikataa, mpira utateleza kabla hedi ya aluminiamu haijaharibika. Washa ikigusa, malizia kwa soketi nusu mzunguko, au kama una spana ya kipimo, niutonimita 18, na usikaze zaidi ya hapo.

Ya sita imekaa. Narudisha koili na waya zake, kila mmoja mahali ulipotoka, na sasa nawasha. Sikilizeni mlio wa sailensa: umetulia, ingawa moshi kidogo unaoonekana ni wa ile oili niliyoigusisha kwenye ekzosi mwenyewe.