Swingi Ipigiwe Wachezaji

Wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nianze kwa kuwachokoza. Bendi nyingi zinazopiga swingi, ile jazi ya kuchezea iliyovuma Marekani miaka ya 1930, siku hizi zinapiga santuri. Mtu anakaa na rekodi ya 1937, anainakili noti kwa noti, hata ile solo ya saksafoni ambayo mwenyewe aliitunga papo hapo. Dakika ya tatu wimbo umekwisha, watu wanapiga makofi wakiwa vitini. Lakini zile dakika tatu hazikuwa matakwa ya bendi! Santuri ya inchi 10, ya mizunguko 78 kwa dakika, ilikuwa inajaa hapo. Nyinyi mliokulia kwenye muziki wa dansi mnajua: cha santuri ni kingine, cha ukumbini usiku ni kingine.

Ukumbi wa dansi wa Savoy pale Harlem, New York, uliofunguliwa 1926, ulikuwa na majukwaa mawili. Bendi moja ikipumzika, nyingine inadaka. Mwaka 1937 Benny Goodman, kiongozi wa bendi aliyekuwa akivuma Marekani nzima, alikwenda kupambana na Chick Webb, mpiga drams mwenyeji wa pale. Webb akamgaragaza. Wacheza dansi wa Savoy hawakuwa watu wa kutishwa na jina.

Sasa bendi ya mpiga piano Count Basie, nayo ya enzi hizo hizo. Freddie Green alishika gitaa la ridhimu mle karibu miaka 50, na solo zake zinahesabika. Kazi yake moja, mbili, tatu, nne, bila spika, mbao na nyuzi tu. Humsikii vizuri, ila akiacha utajua. Jo Jones naye aliyatoa mapigo kwenye dramu la mguu akayahamishia kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayokutana. Hapo besi ya Walter Page ikapata nafasi ya kutembea, noti moja kila pigo. Leo fundi mitambo anatumbukiza maiki ndani ya dramu la mguu, du! du! du!, halafu tunashangaa muziki hauchezeki.

Kwa hiyo zimeni nusu ya maiki. Viti vya mbele viondoke. Kibwagizo cha tarumbeta kikipokewa na wachezaji, msikikimbie: tromboni zijibu, saksafoni zitie chao, mpaka kiongozi aone sakafu imeshiba. Na solo pigeni zenu.

Haya, gitaa na besi pandeni. Mpiga drams ngoja kwanza. Nataka tuone kama mapigo yanasimama bila wewe.