Kipindi cha 63: Kopo la Mama na Maili 110 za Utah

ZUHURA: Tumeanza? Taa naiona nyekundu.

MWITA: Imewaka zamani. Umekohoa mara mbili na yote imeingia.

ZUHURA: Basi asalaam aleikum, hamjambo, ni mimi Zuhura wa Aurora, Colorado, niliyerudi juzi Jumanne mgongo ukiwa vipande vipande.

MWITA: Na Mwita wa Salt Lake City, Utah. Kuna mtu kaingia jimboni kwangu, kalala siku nne, hata hodi hakupiga.

ZUHURA: Kaka, kutoka hifadhi ya Zion hadi kwako ni zaidi ya saa nne kwenda tu.

MWITA: Za kwenda kulifuata kopo ulizipata.

ZUHURA: Usianze! Hilo la kopo tulikubaliana halisemwi. Jamani, leo tuna mambo saba, nimeyaandika hapa. Kiangazi kinakuja, wazee wetu wameanza kutua na viza zao, na nyie mnauliza kila siku: nikitaka kumpeleka mama au baba kwa gari kwenye hifadhi za magharibi, nipange vipi? Mimi nimetoka huko na mama. Tumelala mji wa Moab, tumelala hifadhi ya Bryce, tumelala Springdale pale mlangoni mwa Zion. La kwanza...

MWITA: La kwanza, kopo.

ZUHURA: La kwanza ni pasi. Ukiwa na miaka 62 na zaidi, na ni raia wa Marekani au una grini kadi, kuna pasi ya wazee. Dola 20 ya mwaka mmoja, dola 80 ya maisha. Ya maisha, Mwita, mpaka Mungu akuchukue.

MWITA: Na inawaingiza wote waliomo kwenye gari lake. Hilo watu hawalijui. Mimi mzee wangu ana grini kadi, ana miaka 74. Ukimweka kiti cha mbele na kadi yake, familia nzima inapita. Hadi 2017 hiyo ya maisha ilikuwa dola 10 tu, wakaipandisha.

ZUHURA: Lakini mama yangu ni wa viza, kwa hiyo hiyo haimhusu. Nilikata ya kwangu ya mwaka. Basi, la kwanza limekwisha. La pili ni umbali. Hapo ndipo watu wanapoumia. Ramani ya Utah inadanganya, unaona hifadhi zimekaa karibukaribu kama nyumba za Ngamiani kule Tanga. Kutoka kwangu hadi Moab peke yake ni kilomita 570, na unapita handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mama ni mtu wa Tanga, mlima wake mrefu ni ngazi za hospitali.

MWITA: Alisemaje handakini?

ZUHURA: Alisoma dua mwanzo hadi mwisho. Tukatokea upande wa pili, akauliza kama kuna lingine. Moab tukapumzika vizuri. Asubuhi tukazunguka Arches, na nitawaambia, kwa mzee ile ni hifadhi ya kistaarabu. Lile jiwe la Balanced Rock unaliona umekaa kwenye kiti chako, mkanda umefunga. Mchana tukashika njia ya Bryce. Tukafika Green River.

MWITA: Ngoja. Hapa wasikilizaji waelewe. Mimi ni dereva wa lori, hapo napita na mzigo kila wiki. Ukitoka Green River kwenda magharibi kwenye I-70, ile barabara kuu inayounganisha majimbo, kuna kibao: huduma inayofuata, maili 110. Mpaka Salina. Hakuna sheli, hakuna duka, hakuna nyumba. Ni kama kilomita 177 za mawe na mbingu. Barabara kuu ya aina hiyo yenye kipande kirefu kuliko hicho bila huduma haipo nchi hii.

ZUHURA: Mama akauliza, hicho kibao kimeandikwa nini? Nikamwambia, kimeandikwa karibuni.

MWITA: Umemdanganya mzazi.

ZUHURA: Nilimtuliza. Sasa sikiliza kosa langu. Asubuhi alimeza kidonge cha presha, kile kinachovuta maji. Na pale Green River nikampa chai vikombe viwili kwa sababu alisema koo limekauka. Dakika thelathini hazikuisha: Zuhura, simama. Nisimame wapi? Popote. Mama, hapa ni barabara kuu. Na mimi ni mtu mzima, simama.

MWITA: Sisi madereva tuna chupa zetu, ila hiyo tuiache.

ZUHURA: Iache kabisa. Bahati njema, katikati ya yale majabali kuna sehemu za kusimama kutazama mandhari. Tukaingia moja. Kijumba cha matofali, mlango mmoja mpana, bomba jeusi limesimama nyuma. Mama akachukua kopo lake.

MWITA: Limefika!

ZUHURA: Haya, limefika. Kopo la plastiki, la kijani, kaja nalo kutoka Tanga kwenye mkoba wa mkononi, kalivingirisha kwenye kanga. Anakwambia Marekani hawana maji chooni, wana karatasi. Akafungua mlango. Akatazama ndani. Akafunga. Akanigeukia: Zuhura, hiki ni choo cha shimo. Nikasema ndiyo, mama. Marekani? Ndiyo, mama. Akasema, cha kwetu tulikifukia mwaka aliozaliwa Rashidi.

MWITA: (anacheka) Mzee wangu nilipomhadithia hilo, hakulala.

ZUHURA: Lakini akaingia. Akatoka akasema, hakinuki.

MWITA: Hakinuki kwa sababu ya lile bomba. Jua linapiga bomba jeusi, hewa ya ndani inapata joto inapanda, basi harufu inavutwa juu badala ya kukurudia puani. Shuleni kwetu Tarime walitujengea vya namna hiyo, juu ya bomba kuna wavu, nzi anafuata mwanga anakwama pale. Na unajua aina ile ilitengenezwa wapi? Zimbabwe, miaka ya sabini, kwenye maabara moja inaitwa Blair. Kule wanakiita choo cha Blair mpaka leo.

ZUHURA: Kwa hiyo mama kasafiri saa ishirini na zaidi angani kuja kuona choo kinachofanana na cha Zimbabwe.

MWITA: Mwambie asijisikie ugenini.

ZUHURA: Tukaondoka. Mwendo, mwendo, nimeweka kaswida, nafikiri kasinzia. Maili kumi na nane mbele nasikia: kopo langu.

MWITA: Yallah.

ZUHURA: Kaliacha pale nje ukutani, alikuwa ananawa. Nikasema mama, tutanunua jingine. Akasema, jingine la nani? Nikasema Salina kuna duka. Akasema kopo lile limekwenda nami Makka.

MWITA: Hapo hakuna mjadala tena.

ZUHURA: Hakuna! Sasa barabara ile hugeuzi unapotaka. Unakwenda mpaka njia ya kutokea, unageuka, unarudi, na ile sehemu inaingilika kwa upande mmoja tu, kwa hiyo unaipita ukiiona kwa macho ng'ambo, kopo la kijani lile pale limekaa, unakwenda mbele tena kutafuta njia ya kutokea, unageuka tena.

MWITA: Mafuta?

ZUHURA: Nilikuwa nimejaza Green River, alhamdulillahi. Tukafika. Kopo lipo. Ila kuna mtu kalidhani pipa la taka, katupia karatasi ya chokoleti ndani.

MWITA: Mama wee.

ZUHURA: Mama kalitazama kama limefiwa. Kaliosha mara saba. Kwa maji ya kunywa.

MWITA: Mara saba! Jangwani!

ZUHURA: Ndiyo maana jambo la nne kwenye orodha yangu ni maji. Hifadhi za jangwani wanashauri galoni moja ya maji kwa mtu kwa siku, kama lita nne hivi. Mimi nasema galoni moja ya mtu, na galoni ya pili ya kopo.

MWITA: Andikeni hiyo. Umeruka la tatu.

ZUHURA: La tatu linakuja. Niseme la tano kwanza, la kimo, maana ndilo lililonitisha. Bryce uko ukingoni mwa bonde, mita 2,400 hivi, na ukiendesha mpaka mwisho kule Rainbow Point unakaribia 2,800. Mama alikuwa ameshakaa Aurora wiki tatu, nako ni mita 1,600 na kitu, nadhani hilo lilimsaidia. Angetoka Tanga moja kwa moja sijui. Kuna njia kati ya Sunset Point na Sunrise Point, imesakafiwa, karibu tambarare, kama mita 800 tu. Tulitumia dakika hamsini. Hatua ishirini, benchi. Hatua ishirini, benchi. Nasikia pumzi yake. Mwezi wa tano, lakini upepo unakata masikio, kavaa koti la mjukuu juu ya baibui.

MWITA: Sasa hapo ndipo mimi nauliza. Kwa nini?

ZUHURA: Kwa nini nini?

MWITA: Kwa nini mama wa miaka 71, mwenye presha, anatembea hatua ishirini benchi? Nani alitaka?

ZUHURA: Yeye.

MWITA: Alikwambia, mwanangu naomba unipeleke Bryce?

ZUHURA: Hajui kama kuna Bryce, atasemaje? Nilimwambia kuna mahali pazuri, twende? Akasema twende.

MWITA: Ndiyo hiyo. Dada Zu, mzazi akiwa mgeni kwako kila unachomwambia atasema twende. Ukimwambia twende kuosha gari, atasema twende. Wazee hawaji huku kuona mawe. Wanakuja kuona wajukuu, wale ugali na wewe, wasikilize taarifa ya habari ya nyumbani. Sisi ndio tunaotaka ile picha ya kutuma kwenye grupu la ukoo, mama kasimama ukingoni. Safari ni yetu, tunawavalisha wao.

ZUHURA: Hukuwepo.

MWITA: Sikuwepo.

ZUHURA: Alifika pale, kashika lile fito la chuma. Chini kuna ile minara ya mawe, myekundu, ya rangi ya chungwa, maelfu, kama mishumaa imeyeyuka. Mama yangu ni mtu wa maneno, wewe unamjua. Alinyamaza. Kisha akasema subhanallah, akanyamaza tena, mpaka nikamshika mkono nikidhani kapata kizunguzungu. Akaniambia niache. Huyo alikuwa anataka picha ya ukoo?

MWITA: Sisemi hakupenda. Nasema gharama yake. Angepata kizunguzungu kweli? Hospitali iko wapi? Mgeni wa viza hana Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, bima yake ni ile unayomnunulia mwenyewe kabla hajapanda ndege, na wengi hawanunui.

ZUHURA: Nilinunua.

MWITA: Wewe ulinunua. Mimi mzee wangu nimemuuliza mwaka jana, baba twende hifadhi ya Yellowstone, tukamwone baisani, wale nyati wa huku, tuone chemchemi ya Old Faithful inarusha maji. Akaniambia Mwita, nimezaliwa jirani na Serengeti, wanyama nimewaona bure na wengine wamekula mbuzi wangu. Nikaheshimu. Hiyo ndiyo heshima.

ZUHURA: Naweza kusema?

MWITA: Sema.

ZUHURA: Baba yako anakuona unatoka na lori Jumatatu unarudi Ijumaa, usingizi wako wa saa nne tu. Amekataa kwa sababu hataki kukuchosha. Wewe umesikia hapana, ukashukuru.

MWITA: Hapo umevuka.

ZUHURA: Wewe umesema mama yangu alikuwa ananifurahisha. Hukuvuka?

MWITA: Baba yangu namjua. Akitaka kitu anasema.

ZUHURA: Na mimi mama namjua.

MWITA: Haya.

ZUHURA: Haya.

(kimya)

MWITA: Mimi bado nasema kama lazima, basi hifadhi moja. Shukia Las Vegas, Zion ni saa mbili na nusu kwa gari, kaa pale siku tatu. Lile basi la bure la bondeni linampandisha linamshusha, hata kama ni kuzunguka tu dirishani.

ZUHURA: Na mimi nasema njia yenyewe ndiyo safari. Tulizungumza kwenye lile gari mambo ambayo miaka kumi na tano ya simu hayakusemwa. Alinihadithia posa yake ya kwanza, kabla ya baba! Mtu hawezi kukuhadithia hayo ndani ya basi la watalii.

MWITA: Hizo ni hadithi za kopo. Mngelikaa sebuleni angekuhadithia.

ZUHURA: Asingehadithia.

MWITA: Hatutamaliza hili leo. Ni saa ngapi? Saa tatu na robo! Natakiwa yadi saa tatu na nusu, trela linasubiri.

ZUHURA: Tuna mambo matatu bado! La tatu, la sita na la saba.

MWITA: Wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo tuna mgeni wa kodi. Mwita, la tatu ni la dawa, hilo haliachwi.

MWITA: Dakika moja. Navaa viatu.

ZUHURA: Jamani, sikilizeni. Dawa za mzee zisikae kwenye buti la gari, buti linaiva, wekeni kwenye mkoba wa mkononi, na chukueni za siku nne zaidi. Na kile kidonge kinachokojoza, mwulizeni daktari kabla ya safari kinyweweje siku za barabarani, msibadilishe wenyewe. Na tena Green River...

MWITA: Dada, nimeshika ufunguo. Zima.

ZUHURA: Green River ingieni chooni wote, hata asiyetaka. Mwita, usikate, sijasema la...