Mamlaka ya Mwalimu Kumwadhibu Mwanafunzi Yanatoka Wapi?

Ndugu walimu, wazazi na wanafunzi wa sheria,

Kabla ya kuuliza mwalimu anaruhusiwa kutoa adhabu gani, tuulize kwanza ni nani aliyempa ruhusa hiyo, kwa kuwa aliyekasimiwa madaraka hawezi kuvuka mipaka ya aliyemkasimu. Sheria ya Uingereza, iliyorithiwa na mataifa mengi, ilijibu kuwa ni mzazi: alipomkabidhi mtoto shuleni, alimkabidhi mwalimu pia sehemu ya mamlaka yake ya kumlea na kumrudi.

Jibu hilo lilipimwa mwaka 1860 katika kesi ya mwalimu Thomas Hopley, aliyemwandikia barua baba wa mwanafunzi wake, akapata idhini ya kumchapa, kisha akamchapa usiku kwa kamba ya kurukia na fimbo ya kutembelea, na kijana huyo akafa. Idhini ile haikumwokoa. Mahakama ilieleza kwamba hata mzazi anaruhusiwa adhabu ya kiasi tu, na Hopley akafungwa miaka minne kwa kuua bila kukusudia. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, lakini iliacha pengo kubwa, kwa sababu kiasi chenyewe hupimwa mtoto akiwa ameshaumia.

Elimu ilipofanywa ya lazima, hoja ya kukasimiwa na mzazi ilidhoofika zaidi, maana anayelazimika kumpeleka mtoto shule hawezi kusemwa amekasimu chochote kwa hiari. Mwaka 1982 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwapa ushindi akina mama wawili wa Uskoti waliopinga watoto wao kuchapwa. Mmoja wa watoto hao alisimamishwa masomo kwa kukataa adhabu hiyo, na kosa lake la awali lilikuwa kujaribu kukatiza makaburini akirudi nyumbani.

Leo mamlaka ya mwalimu hutegemea zaidi sheria za elimu, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 28, unadai nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Mwalimu hakuachwa mikono mitupu: mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataza viboko shuleni, lakini ikaruhusu nguvu ya kiasi kumtoa darasani mwanafunzi mkorofi. Vilevile, kusimamisha masomo kuna utaratibu wake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1975 kwamba mwanafunzi wa shule ya umma, hata akisimamishwa kwa siku 10 au pungufu, aelezwe kosa lake na asikilizwe, na mazungumzo mafupi mara baada ya tukio yanaweza kutosha. Walimu wenzangu, nawasihi tusiwanyime watoto dakika hizo.