Muhula Huamuliwa Katika Wiki Zisizo na Mtihani

Ndugu wanafunzi, habari zenu. Karibuni nyote, wageni mnaoanza na wenyeji mnaorudi. Nimepewa saa moja, na nusu yake nataka iwe ya maswali yenu, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililonileta.

Kwa miaka niliyofundisha nimekaa na wanafunzi wengi waliofeli kozi. Karibu kila mmoja, akianza kueleza, huanzia mwisho: mtihani ulikuwa mgumu, aliugua wiki ya mwisho, kazi tatu zilitakiwa siku moja. Nikimuuliza wiki ya pili ya muhula alikuwa akifanya nini, ananyamaza, kisha anasema, "Mwalimu, wiki ya pili hakukuwa na kitu." Kitu kilikuwepo. Mada zilikuwa zinafundishwa, sura za vitabu zilikuwa zimetajwa, ila hakuna aliyemdai. Kule sekondari mwalimu alikagua daftari. Chuoni hakuna anayekagua mpaka siku ya jaribio. Ndiyo maana nasema muhula huamuliwa katika zile wiki ambazo hakuna anayekudai chochote, na wiki hizo ndizo mnazoziingia sasa.

Tuanze na karatasi ambayo wengi huipokea, huikunja na kuisahau: muhtasari wa kozi. Humo mhadhiri ameshakwambia mada ipi itafundishwa wiki ipi, jaribio ni lini, kazi inakusanywa lini na ina alama ngapi. Chukua mihtasari ya kozi zako zote, kisha hamishia tarehe zote kwenye karatasi moja. Nasisitiza moja, kwa sababu kila mhadhiri anaijua kozi yake tu. Hajui kwamba tarehe aliyokupangia imeangukia siku ile ile ya jaribio la mwenzake. Ni wewe peke yako unayeweza kuliona hilo, na ukiliona wiki ya kwanza bado una uwezo wa kulifanyia jambo. Utakuta wiki moja au mbili, mara nyingi katikati ya muhula, ambamo kila kitu kimerundikana. Zizungushie wino. Kisha rudi nyuma wiki tatu na uandike pale: insha inaanza hapa. Tazama na uzito wa alama pia. Jaribio la asilimia 5 halistahili kukukosesha usingizi sawasawa na mradi wa asilimia 40, lakini kila muhula naona watu wakihangaika na dogo kwa sababu liko karibu, na kubwa wanaliacha kwa sababu liko mbali.

Sasa hesabu ya saa. Katika mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, krediti moja hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na muhula wa kawaida una krediti 30. Hizo ni saa 750 hadi 900. Marekani, kanuni iliyozoeleka ni kwamba kila saa ya darasani inadai saa mbili nje ya darasa. Mwenye vipindi vya saa 15 kwa wiki ana kazi ya saa 45. Wiki ina saa 168. Toa saa 56 za kulala, yaani nane kila usiku, toa na hizo 45, zinabaki 67 za kula, kufua, ibada, michezo na marafiki. Zinatosha. Kwa anayefanya kibarua cha saa 20 ili ajilipie masomo, zinabaki 47, na huyo hana nafasi ya kubahatisha. Namheshimu sana mwanafunzi wa namna hiyo. Ushauri wangu kwake ni kwamba kama chuo kinamruhusu kuchukua kozi chache zaidi muhula huu, achukue chache bila kuona aibu.

Na ukishapanga, usiyaamini makadirio yako. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kila mmoja aliulizwa atamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa kama siku 34. Wakaulizwa tena, na kama mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakajibu kama siku 49. Wakamaliza kwa wastani wa zaidi ya siku 55. Hata yale makadirio ya siku ya balaa hayakufika! Na hawa hawakuwa wanafunzi wavivu. Binadamu akipanga kazi, anaiona ikienda sawa. Haoni kompyuta iliyogoma, kitabu kilichoazimwa na mwingine, homa ya siku mbili. Njia ya kujikinga ni kukumbuka insha ya muhula uliopita ilikuchukua siku ngapi hasa, toka ulipoanza mpaka ulipoikabidhi, na kupanga kwa siku hizo. Wewe unayeanza mwaka wa kwanza huna insha ya kukumbuka, basi muulize wa mwaka wa pili ilimchukua muda gani. Usimuulize ilitakiwa ichukue muda gani.

Nije sasa kwenye jambo ambalo ningependa mtoke nalo hata kama mengine yote yatawaponyoka. Ukikaa kusoma, unafanya nini? Wengi tunafungua madesa, yaani nakala za maelezo ya kozi, tunapitia mstari kwa mstari, tunapaka rangi, tunarudia. Mara ya tatu maneno yanapita bila kukwama, na hapo tunasema tumeelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu, na katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika linachokumbuka bila kukitazama kifungu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma tu walikuwa wamebaki na asilimia 40, na wale waliojijaribu walikuwa na 61. Na waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Naomba mlitafakari hili la mwisho. Njia dhaifu ndiyo inayokupa raha ya kujiona umeiva. Njia yenye nguvu inakuacha na hisia kwamba hujui kitu, kwa kuwa kila mara inakuonyesha ulichosahau. Ndiyo maana mtu anaweza kukesha usiku mmoja, akafaulu jaribio la asubuhi, na ufikapo mtihani wa mwisho mada ile ile ikawa ngeni kwake kabisa.

Kwa vitendo iko hivi. Siku ile ile ya kipindi, kabla hujalala, funga daftari. Kwenye karatasi tupu andika kwa dakika kumi yote unayokumbuka: hoja, mifano, kanuni. Kisha fungua daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza yaliyokosekana. Hayo ya rangi nyingine ndiyo masomo yako ya kesho. Rudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kutawanya marudio kunashinda kuyarundika. Wa hesabu na sayansi, fanyeni swali bila kutazama jibu lililokwisha kufanywa; kulifuata jibu la mwenzako na kukubali kwa kichwa hakujakufundisha kulipata. Mkikaa kikundi, kila mmoja afunge karatasi aeleze mada, wengine waulize. Kikundi ambacho mmoja anafundisha na wanne wanaitikia kinamfaidisha yule mmoja. Na mitihani ya miaka iliyopita itafuteni wiki ya nne, wakati bado mna muda wa kujifunza kutokana na mlichoshindwa.

Kuhusu usingizi sitasema mengi, kwani mnayajua: watu wazima wanashauriwa kulala angalau saa saba, na ubongo huimarisha uliyojifunza wakati umelala. Anayekesha anayapunguza yale yale anayoyatafuta.

Nimalizie na wiki ya saba au ya nane, kwa sababu ndipo ninapowapoteza watu. Ari ya mwanzo imeisha, jaribio la kwanza limerudi na alama mbaya, kozi mbili zimekuacha nyuma. Unaanza kukwepa kipindi, kwa kuwa ukiingia huelewi, na kila unachokwepa kinafanya kinachofuata kisieleweke zaidi. Ukifika hapo, usijiambie utarudi darasani ukishamaliza viporo vyote. Viporo havitaisha, na darasa halitakusubiri. Ingia kipindi cha leo hata kama unashika nusu yake, halafu tenga saa maalumu mbili au tatu kwa wiki za kuziba ya nyuma, ukianza na mada ambazo zinazofuata zinazitegemea.

Na njoo utuone mapema. Wahadhiri tuna saa za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi tunakaa peke yetu ofisini mpaka wiki ya mwisho, ndipo foleni inapojaa mlangoni. Usije na "sijaelewa kozi nzima," maana hapo sina pa kushika. Njoo na swali moja lililoandikwa, na karatasi inayoonyesha ulipokwama. Kama kilichokukwamisha si masomo bali msiba, ugonjwa, ada au huzuni isiyoisha, sema hata hivyo, na sema kabla ya tarehe ya kukusanya kazi. Kuahirisha mtihani, kuongezewa muda, kuacha kozi kwa utaratibu, kumwona mshauri: milango hiyo ipo katika vyuo vingi, na mingi kati yake hufungwa tarehe fulani ya muhula ikishapita. Tarehe hizo nazo ziandikeni kwenye ile karatasi moja.

Sasa ni zamu yenu. Karibuni maswali.